Likizo Niliyounguza Giaboksi ya Parokia

Kila frateri anayerudi kutoka likizo hubeba bahasha. Ndani yake mna barua ya paroko kwenda kwa Gombera, imefungwa na kupigwa muhuri, na mbebaji haruhusiwi kujua kilichoandikwa. Mwaka huu bahasha yangu ilikuwa na karatasi moja tu, lakini safari nzima niliipapasa mfukoni kama mtu aliyebeba kaa la moto. Nitaeleza kwa nini, na katika kueleza nitalazimika kuzungumza sana kuhusu giaboksi. Ndugu zangu mnaopenda metafizikia mnivumilie. Tutakutana nayo njiani.

Nyumbani ni Kyela, kwenye tambarare iliyo kati ya milima ya Rungwe na Ziwa Nyasa. Asiyefika huko anaujua mchele wake. Anayefika anakutana pia na kakao iliyoanikwa, joto, na matope. Mvua ya kwetu ni nyingi kuliko ya sehemu kubwa ya nchi, na mito inayoshuka kutoka milimani, Kiwira, Mbaka na Lufilyo, hutuletea maji yake kabla ya kuyapeleka ziwani. Upande wa mashariki milima ya Livingstone imesimama kama ukuta mpaka pale Matema, ambako mlima na maji vinakutana. Majirani zetu wengi ni Wamoravian na Walutheri, kwa sababu wamisionari wao walifika huku tangu mwaka 1891. Sisi Wakatoliki tu wachache na vigango vyetu vimetawanyika. Ndiyo maana kwetu gari la parokia si anasa. Ndilo linalopeleka Misa, mgonjwa, saruji na mpunga.

Gari lenyewe ni Toyota Hilux ya dizeli ya miaka ya 1990, iliyofika kutoka Japani ikiwa imeshatumika. Tofauti yake na pikapu nyingi za Kyela ni kwamba ni otomatiki. Waumini waliichagua hivyo makusudi. Baba Paroko ana goti la kushoto lililoumia na hawezi kukanyaga klachi siku nzima. Siku nyingi huendeshwa na dereva wa parokia, kijana mwenye mke na watoto wawili. Wakati wa likizo, kwa kuwa nina leseni, Baba hunipa na mimi.

Mwezi Juni kwetu ni wakati wa kuvuna mpunga, na waumini wa vigangoni hutoa sehemu ya mavuno yao kwa parokia. Nilitumwa kigango kimoja upande wa Mwaya, karibu na ziwa, nikachukue magunia kumi. Baba alisema kumi. Nilipofika nikakuta kumi na saba, mengine yakiwa lumbesa. Katekista akaniuliza kama nitarudi mara ya pili. Nikatazama mawingu, nikatazama saa, nikasema, "Pakieni yote." Hakuna aliyenilazimisha. Nilitaka kurudi parokiani na mzigo ambao Baba hakuutarajia, niambiwe, "Frateri, wewe ni mchapakazi."

Hatukufika mbali. Mvua ya usiku ilikuwa imeifanya njia ya shambani kuwa uji mweusi, na magurudumu ya nyuma yakazama. Nikafanya nilichowaona wengine wakifanya. Nikaweka D nikakanyaga mafuta, nikaweka R nikakanyaga mafuta, D tena, R tena, gari likiyumba mbele na nyuma bila kutoka. Nilifanya hivyo kwa karibu nusu saa. Injini ilinguruma mpaka watoto wakakusanyika. Kisha ikaja harufu kama ya karanga zilizosahauliwa kwenye kikaango. Niliisikia harufu ile vizuri sana. Niliendelea.

Mwisho walikuja vijana wenye majembe, wakapakua magunia yote, jambo ambalo lilipaswa kufanyika tangu mwanzo, wakachimba na kutandika matete, gari likatoka kinyumenyume. Wakati linatoka nikasikia kitu kikigonga chini, kisiki labda. Tukapakia kumi, nikayaacha saba. Nilipofika parokiani Baba alikuwa barazani.

"Safari ilikuwaje, Frateri?"

"Salama, Baba."

Alfajiri yake, kabla watu hawajaamka, nilikwenda na tochi nikafungua boneti. Nikachomoa kijiti cha kupimia oili ya giaboksi, injini ikiwa imezimwa. Oili ilikuwa imefika kwenye alama. Nikajiambia kwamba gari ni zima. Oili ile inapokuwa mpya huwa nyekundu kama juisi ya rosela. Hii ilikuwa imegeuka kahawia. Niliiona, nikakifuta kijiti, nikakirudisha mahali pake.

Siku tatu baadaye Baba alikuwa na mkutano wa mapadre Mbeya. Dereva alishika usukani. Kyela iko karibu mita 500 tu juu ya usawa wa bahari, na Tukuyu ni zaidi ya mita 1,500, kwa hiyo atokaye kwetu kwenda Mbeya hana njia ila kupanda. Tambarare walipita vizuri. Mlima ulipoanza, gari likaanza kuteleza, au kama wanavyosema mafundi, gia ikaanza kusilipi: unakanyaga mafuta, injini inapiga kelele, mwendo hauongezeki. Baadaye mwendo ukapungua kabisa, na malori ya Kasumulu yakawa yanawapita. Dereva aliegesha, akasubiri gari lipoe, wakarudi Kyela polepole. Baba alikosa mkutano.

Kwa kuwa si wote tumeshika spana, nieleze kidogo kinachotokea ndani. Kwenye gari la kawaida, klachi hubana na kuachia kwa amri ya mguu wako. Otomatiki haina kanyagio la klachi. Kati ya injini na giaboksi kuna chombo cha duara kilichojaa oili, mafundi wanakiita konveta, chenye mapanga yanayotazamana. Ukizitazamanisha feni mbili ukawasha moja, upepo wake utaizungusha ya pili hata kama haijachomekwa kwenye umeme. Injini huizungusha giaboksi namna hiyo, ila mahali pa upepo pana oili. Ndani zaidi kuna mafungu ya sahani nyembamba, nyingine za chuma tupu, nyingine zimevikwa kitu kama karatasi ngumu. Pampu inasukuma oili kwa nguvu, oili inabana sahani za gia inayotakiwa, na gia inashika. Oili ikipungua, pampu inavuta hewa. Nguvu ya kubana ikipungua, sahani zinasuguana badala ya kushikana. Msuguano unaleta joto, joto linaiunguza oili, oili iliyoungua inashindwa kufanya kazi yake, na sahani zinazidi kusuguana. Ni ugonjwa unaojilisha wenyewe.

Mafundi wengi wa Kyela wanajua giaboksi za kawaida. Kwa otomatiki tulielekezwa kwa mzee mmoja mwenye gereji chini ya mwembe, Mmoravian, ambaye ujana wake aliumalizia kwenye injini za meli pale bandari ya Itungi. Tulikwenda watatu, Baba, dereva na mimi. Tulimwamkia kwa Kinyakyusa, mugonile, akaitika, akatuletea benchi. Nilitegemea atalala chini ya gari mara moja. Hakuligusa kwanza. Alivuta kigoda akaanza kuuliza.

Ilianza lini? Inateleza gia zote au moja? Ikiwa baridi au ikishapata moto? Tambarare au mlimani? Rivasi inashika upesi au inachelewa?

Dereva alijibu kila swali kwa makini. Inateleza gia zote, zaidi ikishapata moto, zaidi mlimani, na rivasi inachelewa kushika. Mzee akatikisa kichwa. Akatueleza kwamba ingekuwa gia moja tu, angefikiri sahani za gia hiyo zimekwisha. Zikiteleza zote, ni lazima atafute kitu ambacho gia zote zinakitegemea, yaani oili na msukumo wake. "Kufungua ni mwisho," alisema. "Kwanza unauliza, halafu unatazama, halafu unanusa. Ukianza kwa kufungua, utaivunja hata iliyo nzima."

Akaliweka gari mahali tambarare, akaliwasha likapata moto, akamwambia dereva akanyage breki na kupitisha gia zote polepole, P mpaka L na kurudi P. Injini ikiwa bado inaunguruma taratibu, akachomoa kijiti, akakifuta, akakirudisha, akakichomoa tena. Oili ilikuwa chini ya alama. Ndipo nilipoelewa kosa la alfajiri ile. Injini ikizimwa, oili iliyokuwa inazunguka kwenye konveta hushuka chini kwenye sampo, na kijiti kinaonyesha nyingi kuliko ilivyo. Nilikuwa nimepima kwa namna ambayo ingenipa jibu nililolitaka.

Mzee akaweka tone kwenye kitambaa cheupe, akainusa.

"Oili hii imepikwa," akasema. "Na otomatiki haijipiki yenyewe. Gari hili lilikwama mahali?"

Alikuwa anamtazama dereva, kwa sababu ndiye aliyekuwa anajibu.

"Hapana, Mzee," dereva akasema. Kwake yeye ilikuwa kweli tupu.

Mimi nilikuwa nimesimama nyuma ya Baba. Hakuna aliyeniuliza.

Mzee akaendelea. Kwenye magari ya namna ile kuna waya unaotoka kwenye pampu ya dizeli kwenda giaboksi. Ukikanyaga mafuta zaidi, waya unavutwa, na giaboksi inajua iongeze nguvu ya kubana sahani. Waya ukilegea, injini inatoa nguvu kubwa huku sahani zimebanwa kidogo, na gia inateleza. Mzee akaushika waya, akautikisa.

"Huu nani aliugusa?"

"Mimi, Mzee," dereva akasema bila kusita. "Mwezi uliopita pedeli ya mafuta ilikuwa nzito. Niliulegeza kidogo."

Kukawa kimya. Baba hakupaza sauti. Alisema tu, "Basi, tumeshajua," akainuka kwenye benchi. Jioni ile nikamsikia mweka hazina wa parokia akimuuliza kama gharama itakatwa kwenye mshahara wa dereva kwa miezi mingapi. Baba alijibu kwamba wangoje bei kwanza. Dereva alikuwa uani, anaosha gari ambalo hakulichafua.

Mzee mwenyewe hakuwa ameridhika. Aliurekebisha waya mpaka pedeli ikikanyagwa yote nafasi kati ya kishikizo cha waya na ganda lake isizidi milimita moja. Akaongeza oili, akalijaribu barabarani. Lilikuwa na nafuu kidogo, lakini lilipopata moto likateleza tena. Akatuambia turudi kesho. Kabla hatujaondoka alisema maneno ambayo sikuweza kuyatoa kichwani: "Waya ulilegea kidogo sana. Kulegea kule hakupiki oili namna hii. Kuna kitu sijaambiwa."

Hapa ndipo falsafa inapoingia, na haikuingia kunifariji.

Muhula uliopita tulisoma namna Mtakatifu Tomaso wa Akwino anavyogawa uthibitisho katika aina mbili, mwanzoni mwa Summa Theologiae, kabla hajatoa zile njia tano. Kuna uthibitisho unaoanzia kwenye chanzo na kushuka kwenye matokeo, na kuna unaoanzia kwenye matokeo na kupanda kutafuta chanzo. Huu wa pili anauita quia. Tunautumia pale ambapo matokeo yako wazi kwetu kuliko chanzo chake. Niliandika insha juu ya jambo hilo na nikapata alama nzuri. Anasema pia kwamba kutokana na matokeo yoyote tunaweza kuthibitisha kuwa chanzo chake kipo, lakini matokeo yasiyolingana na chanzo hayatupi ujuzi kamili wa chanzo hicho.

Chini ya mwembe nililiona jambo linalofanana na hilo kwa macho. Oili iliyoungua ilithibitisha kwamba kulikuwa na joto kali. Ni kweli. Lakini oili iliyoungua kwa sababu ya waya kulegea na oili iliyoungua kwa sababu ya mtu mwenye kiburi kukwama matopeni zina rangi moja na harufu moja. Mzee alikuwa ameshapanda ngazi mpaka pale ambapo akili peke yake inaweza kufika. Ngazi iliyobaki ilikuwa ni shahidi, na shahidi alikuwa amesimama nyuma ya paroko akitazama viatu vyake.

Usiku ule katika sala ya mwisho wa siku nilifika mahali pa kutafiti dhamiri, nikajitetea. Nilijiambia kwamba sijasema uongo. Swali la Mzee halikuelekezwa kwangu. Mtu hawajibiki kujibu asichoulizwa. Mtakatifu Augustino aliandika vitabu viwili kuhusu uongo, kimoja karibu mwaka 395 na kingine karibu mwaka 420, na wakati tunavisoma nilifurahia jinsi anavyopambanua uongo na kunyamaza. Sasa nilikuwa naitumia tofauti ile kama kichaka cha kujifichia. Lakini hata kichaka chenyewe kilikuwa na tundu. "Salama, Baba." Hayo nilikuwa nimeyasema kwa mdomo wangu, na hayakuwa kweli.

Na nikajiuliza naogopa nini hasa. Gharama ya fundi? Hapana. Baba kukasirika? Kidogo. Nilikuwa naogopa bahasha. Nilikuwa nawaza neno moja ambalo linaweza kuandikwa humo, "si mkweli," na neno hilo likafika kwa Gombera, na Gombera akaliona jina langu kwa jicho jingine. Nilikuwa tayari dereva akatwe mshahara ili barua yangu isomeke vizuri, barua ya kusaidia kuamua kama nafaa kuwa padre.

Nilipoliona hivyo, nililala kidogo sana.

Asubuhi baada ya Misa nilimkuta Baba sakristia anakunja alba. Nikamwambia yote: magunia kumi na saba, matope, D na R, harufu, kisiki, kijiti cha alfajiri. Sikupunguza. Aliendelea kukunja mpaka alipomaliza, akafunga kabati.

"Umeniambia mimi," alisema. "Jana pale gereji tulikuwa watatu tuliosikia. Twende."

Hiyo ndiyo ilikuwa njia ndefu kuliko zote nilizopita likizo ile, na ni mwendo wa dakika kumi.

Nilisimama mbele ya Mzee na dereva nikarudia. Nilitegemea Mzee atanisema. Badala yake alivuta kigoda chake, akaanza kuuliza, kama alivyofanya siku ya kwanza. Ulikanyaga mafuta mpaka mwisho? Kwa muda gani bila kupumzika? Harufu ilikuja mapema au mwishoni? Kitu kiligonga upande gani? Niliposema upande wa kulia, karibu na mbele, akaingia chini ya gari na bisibisi, akabandua matope yaliyokuwa yamekauka kama saruji. Akaniita nilale naye chini. Mipira miwili hupeleka oili ya giaboksi kwenye rejeta ikapoe na kuirudisha. Kibano cha mmoja wao kilikuwa kimesogea, na mpira ulikuwa umelowa. Kila gari lilipopata moto, oili ilitoka kidogo kidogo, na matope yakainywa isionekane ikidondoka.

"Umeona," alisema. "Jana ningebadilisha oili, ningefunga, ingevuja tena. Na mwezi ujao mngesema ni dereva."

Dereva alikuwa hajasema neno. Nilipotoka chini ya gari nilimwendea nikamwomba msamaha. Alinitazama kwa muda.

"Frateri," akasema, "jana usiku nimemwambia mke wangu viatu vya shule vya mtoto visubiri."

Hakuongeza kitu. Mpaka leo sijaambiwa maneno yaliyonichoma kuliko hayo, na yalisemwa bila hasira. Yeye alipoulizwa nani aliugusa waya alisema "mimi" papo hapo, na ukweli wake ukawa ushahidi dhidi yake, kwa sababu ukweli wangu haukuwepo pale kusimama karibu nao.

Mzee alishusha sampo. Mle ndani kuna sumaku za kukamata unga wa chuma. Alinieleza kwamba unga laini wa kijivu ni wa kawaida kwa gari la umri ule, vipande ndivyo vya kuogopwa. Tulikuta unga mwingi, vipande hakuna, lakini kulikuwa na tope jeusi, masalia ya zile sahani zilizovikwa karatasi. Chujio lilikuwa limeziba karibu nusu. Akaliosha, akabadilisha kibano na mpira, akatia oili mpya. Oili inayotoka kwenye sampo ni sehemu tu, nyingine hubaki kwenye konveta, kwa hiyo tulirudi baada ya siku chache akamwaga na kutia tena, mpaka kijiti kikatoka chekundu.

Sitasema kwamba gari lilipona kabisa. Linapanda mlima wa Tukuyu sasa, likiwa jepesi. Likibebeshwa mzigo mlimani, gia ya pili bado inasita kidogo kabla ya kushika. Mzee alimwambia Baba wazi kwamba sahani zimepunguzwa umri, na kwamba siku moja parokia itahitaji giaboksi ya mtumba kutoka Dar es Salaam. Lini, hajui. Kilichoungua hakirudi kwa kuongeza oili mpya, wala kwa kukiri.

Gharama ya mpira, chujio na oili niliilipa mwenyewe. Nilivuna mpunga kwa kibarua majuma mawili, na mikono yangu iliyozoea kalamu ilitoka malengelenge. Lakini Mtakatifu Tomaso, anapozungumzia haki, anasema aliyemwondolea mtu jina lake jema bila haki anapaswa kumrudishia jina hilo, siyo fedha tu. Kwa hiyo nilimwendea pia mweka hazina, na Jumapili baada ya Misa nikamwomba Baba niongee dakika mbili na kamati tendaji, kwa sababu habari ya dereva ilikuwa imeshawafikia. Mama mmoja wa WAWATA akasema kwa Kinyakyusa, "Ndaga fijo," asante sana. Sikujua kama ananishukuru mimi au anamshukuru Mungu kwamba jambo lenyewe limekwisha.

Kabla likizo haijaisha, dereva ndiye aliyenifundisha kupima oili. Alinisimamia kama mwalimu: gari tambarare, injini inaunguruma, breki imekanyagwa, gia zote moja baada ya nyingine, kisha kijiti. Tomaso anahesabu miongoni mwa sehemu za busara utayari wa kufundishwa, docilitas, na anasema hakuna anayejitosheleza katika mambo ya busara. Nilikuwa naijua sentensi hiyo. Nilikuwa sijawahi kuifanyia mazoezi mbele ya mtu niliyemkosea.

Siku ya kuondoka Baba alinikabidhi bahasha bila kusema lolote, akanibariki. Nimeiweka mezani kwa Gombera kama ilivyokuwa. Sijui Baba ameandika nini, na sijaulizwa. Ikiwa ameandika kwamba nilidanganya, ameandika kweli. Ikiwa ameandika na yaliyofuata, hayo pia ni kweli.

Ndugu zangu, wengi wenu mtakabidhiwa magari ya parokia likizo ijayo, na mengi ni mazee kuliko ninyi. Likikwama, pakua mzigo kwanza. Ukisikia harufu ya kuungua, acha kukanyaga mafuta. Pima oili injini ikiwa inaunguruma. Na paroko akikuuliza safari ilikuwaje, mwambie ilivyokuwa, siku hiyo hiyo, kabla mtu mwingine hajashika usukani.